Mbwa Wako Hagombei Cheo: Kuelewa Mabishano ya Ubabe na Zawadi

Ukitembea Malindi, kutoka majumba ya Casuarina hadi mitaa ya Mtangani, vibao vya MBWA KALI havikosekani malangoni. Nyuma ya malango hayo kuna mabishano ya siku nyingi ambayo sasa yamehamia kwenye simu. Mmoja anatuma video ya mkufunzi aliyemlaza mbwa chali, mkono shingoni, hadi mnyama atulie. Chini yake ameandika kwamba hivi ndivyo mbwa anavyojua nani mkubwa. Mwingine anamjibu kwa video ya mwanamke anayefundisha kwa vipande vya nyama bila kupaza sauti. Hapo vita vinaanza: huyu mkatili, yule anadekeza. Mwenye nyumba ana lake, askari wa zamu ana lake, na mbwa mwenyewe yuko mnyororoni chini ya mwarobaini, anangoja giza liingie afunguliwe.

Mabishano haya nayachukulia kwa uzito, kwa sababu matokeo yake yanawaangukia mbwa wasio na pa kulalamikia, na watoto wanaopita karibu nao. Mengi yanatokana na watu kutumia neno moja kwa maana mbili, kwa hiyo tuanze na maana.

Mafunzo ya ubabe yanasimama juu ya wazo kwamba mbwa anaishi akipima daraja lake. Kuvuta kamba, kutangulia mlangoni, kupanda kiti, kunguruma anapokula, yote yanasomwa kama jaribio la kumpindua bwana wake. Dawa inayotolewa ni binadamu kujionyesha kuwa mbabe: ale kabla ya mbwa, atangulie mlangoni, amkodolee macho, avute kola kwa ghafla, amlaze chali. Wengine hufika hadi kola ya miiba au kola ya umeme.

Mafunzo ya zawadi hayashughuliki na cheo. Yanauliza ni tendo gani linatakiwa, na mbwa atapata nini akilitenda. Tendo linalotakiwa hulipwa papo hapo kwa chakula, mchezo au kufunguliwa atembee. Tendo lisilotakiwa hunyimwa faida, au mazingira hupangwa lisipate nafasi. Wakufunzi wengi husimama katikati, wanalipa na pia wanaadhibu, na hao ndio wanaochanganya watazamaji zaidi, maana mbwa anapotulia hujui kilichomtuliza ni kipi.

Wazo la mbabe lilitoka wapi

Mwaka 1947 mtafiti Rudolf Schenkel alichapisha kazi juu ya mbwamwitu waliokuwa kwenye bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Walikuwa wanyama wazima waliowekwa pamoja ndani ya uzio mdogo, na aliyeshindwa hakuwa na njia ya kuondoka. Waligombana sana, na Schenkel akaeleza kundi lenye dume na jike wa juu wanaolinda nafasi zao kwa vitisho. Mmarekani L. David Mech akalieneza wazo hilo katika kitabu chake cha 1970 kuhusu mbwamwitu.

Kisha Mech akaenda kuwatazama wanyama hao kwao. Kuanzia 1986 alirudi majira ya kiangazi mwaka baada ya mwaka kwenye kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa ya Kanada, akaishi karibu na kundi la porini. Alichokikuta kilikuwa familia: baba, mama, na watoto wa uzazi wa mwaka huu na wa miaka iliyotangulia. Wazazi waliongoza kwa sababu ni wazazi. Hakuna aliyepigana kupata kiti, na watoto walipokua waliondoka kwenda kuanzisha familia zao. Mwaka 1999 Mech aliandika makala ya kisayansi akieleza kwa nini picha ya mbabe wa kundi haifai, na akamwomba mchapishaji aache kukichapa kile kitabu cha zamani. Namheshimu sana kwa hilo. Wataalamu wengi hawawezi kusimama hadharani kukanusha maandishi yao wenyewe.

Lakini wazo lilikuwa limeshaota mizizi. Tangu hapo awali, mbwa wa polisi na wa jeshi huko Ulaya walikuwa wakifundishwa kwa kushurutishwa. Mjerumani Konrad Most aliandika mwongozo wa namna hiyo mwaka 1910. Mbwamwitu wa Basel wakaipa desturi iliyokuwapo sababu iliyosikika kama sayansi. Mwaka 1978 watawa wa New Skete, jimbo la New York, wafugaji mashuhuri wa mbwa, walishauri katika kitabu chao watu wamlaze mbwa mkaidi chali. Katika toleo jipya la 2002 waliuacha ushauri huo. Miaka miwili baadaye mkufunzi wa mbwa Cesar Millan akaanza kipindi chake cha televisheni Marekani, na lugha ya kiongozi wa kundi ikaenea dunia nzima. Video zinazozunguka Malindi leo ni wajukuu wa kipindi kile, hata kama anayezituma hajawahi kukitazama.

Kwa upande mwingine, baadhi ya wapenzi wa zawadi nao huteleza wanaposema hakuna ubabe kabisa miongoni mwa mbwa. Upo. Watafiti waliowafuatilia mbwa wasio na wenyewe pembezoni mwa Roma waliona wazi nani humpisha nani. Tazama mbwa koko wanaongoja mabaki ya samaki ufuoni asubuhi: mmoja akifika, mwingine anainamisha kichwa na kujitenga. Lakini huo ni uhusiano wa mbwa wawili juu ya kitu fulani kwa wakati fulani. Anayepisha kwenye mifupa huenda asipishe kwenye jike. Si tabia ya kuzaliwa nayo, na hakuna ushahidi kwamba mbwa anayevuta kamba anapanga kutawala nyumba. Anavuta kwa sababu miguu yake minne inakwenda kasi kuliko yako miwili, na kila akivuta anafika anakotaka. Umemlipa bila kujua.

Mbwa anajifunzaje

Hapa sayansi ni ya zamani na haina utata mkubwa. Mwishoni mwa karne ya 19, Edward Thorndike wa Marekani aliwafungia paka kwenye visanduku vyenye komeo. Tendo lililofungua mlango lilirudiwa upesi zaidi kila safari, na mengine yakaachwa. Ivan Pavlov wa Urusi alionyesha kwamba mbwa hudondokwa mate kwa kusikia mlio tu, ikiwa mlio huo umezoea kutangulia chakula. B. F. Skinner, katika kazi yake ya 1938, akaonyesha kwa majaribio mengi jinsi matokeo ya tendo yanavyoamua kama tendo litarudiwa.

Kwa mfugaji wa kawaida, mambo mawili yanatosha. La kwanza: mbwa hurudia kinachomlipa. Ni kama mvuvi anayerudisha mshipi wake kwenye mwamba uliompa changu jana. Hahitaji kuamriwa, na mwamba ukikaa kimya muda mrefu atahama mwenyewe. La pili: mbwa huunganisha vitu vinavyotokea pamoja. Hili la pili husahauliwa, na ndilo linaloleta hatari.

Chukua mbwa anayebweka akiona watoto wa shule wakipita. Kila anapobweka, kola inavutwa kwa nguvu, shingo inauma. Mwenye mbwa anadhani anafundisha kwamba kubweka ni vibaya. Mbwa anaweza kuwa anajifunza kwamba watoto wakitokea, shingo huuma. Baada ya miezi kadhaa ananyamaza, watu wanamsifu mkufunzi, lakini ndani yake chuki kwa watoto imekua. Sasa geuza: watoto wanatokea kwa mbali, na kabla mbwa hajafura anapata kipande cha mapupu ya kuchemsha. Wakipotea, nyama inapotea nao. Mbwa huyu huanza kumtazama bwana wake kila aonapo sare za shule. Kimya kipo kwa wote wawili, lakini kwa mmoja tu ndicho unachoweza kukiamini.

Basi kwa nini watu hushikilia adhabu? Kwa sababu mara nyingi adhabu husimamisha tendo papo hapo, na ni uongo kudai kwamba haina athari. Unapiga kelele, mbwa anaacha, unapata nafuu. Ile sheria ya Thorndike, kwamba tendo lililolipwa hurudiwa, inakufanyia kazi wewe: umelipwa kwa kupiga kelele, kesho utapiga tena. Mbwa naye kesho atarudia, kwa sababu hajaonyeshwa afanye nini badala yake.

Tafiti za miaka ya karibuni zinaegemea upande mmoja. Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwauliza wenye mbwa 140 waliofika kliniki ya tabia wametumia mbinu gani nyumbani. Miongoni mwa waliowahi kumpiga au kumtupia teke mbwa, 43% walisema mbwa alijibu kwa ukali. Kumlaza chali kulileta ukali kwa 31%, kumkodolea macho kwa 30%. Hao walikuwa mbwa wenye matatizo tayari, kwa hiyo usizipeleke namba hizo kwa mbwa wote. Lakini mbwa wenye matatizo ndio wanaolazwa chali kwenye zile video.

Utafiti wa Ureno uliochapishwa 2020 ulipima mbwa 92 kutoka shule mbalimbali za mafunzo. Waliotoka kwenye shule za adhabu walionyesha dalili nyingi zaidi za wasiwasi, kama kuhema na kulamba midomo, na homoni ya mfadhaiko kwenye mate yao ilipanda baada ya somo. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, kilitoa matokeo ya mbwa 63 waliokuwa na tatizo kama la kutorudi wakiitwa. Kola za umeme zilitumiwa na wakufunzi waliopendekezwa na watengenezaji wa kola zenyewe, watu wanaozijua kazi yake. Hata hivyo, mbwa waliofundishwa kwa zawadi walifanya vizuri zaidi. Wales ilikuwa imeshapiga marufuku kola hizo tangu 2010. Hapa Kenya, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inafanya kumpiga mnyama kikatili kuwa kosa la jinai, nami natamani kila anayejitangaza kuwa mkufunzi aisome kabla ya kununua fimbo.

"Anajua amekosa, mtazame macho"

Kauli hii nimeisikia kila mahali. Unarudi nyumbani, ndara imetafunwa, mbwa amelaza masikio, mkia chini, hakutazami. Mtafiti Alexandra Horowitz aliijaribu mwaka 2009. Alipanga mambo hivi kwamba baadhi ya wenye mbwa waliamini mnyama wao amekula chakula alichokatazwa, ilhali hakukigusa. Ule uso wa hatia ulitokea zaidi pale mwenye mbwa alipogomba, awe mbwa amekosa au hakukosa. Uso ule unajibu hasira yako, haukiri kosa. Ukimpiga saa moja baada ya ndara kutafunwa, umemfundisha kwamba wewe ukiingia mlangoni na sauti fulani, mambo huwa mabaya. Kuhusu ndara hajajifunza chochote.

Lakini kosa linaloniumiza zaidi ni la kuadhibu kunguruma. Mbwa anapokula, mtoto anakaribia, mbwa anaganda, kisha ananguruma. Wa ubabe atasema amekupandeni kichwani, mnyang'anye bakuli umwonyeshe. Huyo mbwa hasemi chochote kuhusu cheo. Anasema, naogopa utaninyang'anya. Ukimnyang'anya, umethibitisha hofu yake. Ukimpiga kwa kunguruma, huenda akaacha kunguruma, na hofu ikabaki palepale. Umebakiwa na mbwa anayeuma bila kutoa onyo.

Njia nyingine ni ya polepole. Mtu mzima, wala si mtoto, anapita mbali na bakuli na kutupia kitu kitamu kuliko sima iliyomo, kisha anaenda zake. Siku zinavyopita anapita karibu zaidi, lakini pale tu mwili wa mbwa unapobaki mlegevu. Mbwa anaanza kutamani watu wapite. Muda wote huo mtoto hakaribii chakula cha mbwa kabisa, na hii inabaki kuwa sheria ya nyumba hata mbwa akishatulia.

Kuumwa na mbwa huku kwetu si jambo la kidonda tu. Karibu vifo vyote vya watu kwa kichaa cha mbwa hutokana na kuumwa na mbwa, na Shirika la Afya Duniani linasema 40% ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wa chini ya miaka 15. Aliyeumwa aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo, hata kama mbwa ni wa jirani na anaonekana mzima.

Mbwa wa ulinzi na mafunzo ya nyama

Askari wengi wa Malindi wana hoja ambayo haifai kupuuzwa: mbwa akizoezwa kwa chakula, mwizi atakuja na kipande cha nyama. Lakini mwizi mwenye nyama atamshawishi mbwa mwenye njaa kwa urahisi zaidi, na mbwa wetu wengi wa mnyororoni wana njaa. Kingine, kumfundisha mbwa kwa chakula si kumfundisha ale kwa kila mtu. Kuacha chakula kilicho chini mpaka aruhusiwe ni somo linalofundishwa kwa zawadi: akikiacha, anapata kilicho bora zaidi kutoka kwa mtu wake.

Kazi nzito hufundishwa hivyo pia. Morogoro, Tanzania, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na kifua kikuu, kwa mlio mdogo unaofuatwa na chakula. Panya mmoja wao, Magawa, alitunukiwa nishani ya dhahabu ya PDSA, shirika la hisani la wanyama la Uingereza, mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Mbwa wengi wanaonusa mizigo bandarini na viwanjani wanafanya kazi kwa ajili ya mpira watakaorushiwa wakipata. Hakuna wa kuwaita waliodekezwa.

Na askari wafikirie jambo hili: makampuni hubadilisha watu. Mbwa aliyetii kwa hofu ya mtu mmoja hamjui wa zamu mpya, na zamu mpya ndiyo inayoumwa usiku wa kwanza. Mbwa aliyefundishwa matendo, kuja akiitwa, kukaa, kwenda bandani, anaweza kukabidhiwa kwa mwingine kwa siku chache za kulishwa na kuelekezwa.

Wapo pia majirani Waislamu wanaoniuliza kama haya mafunzo ya kumlisha mbwa mkononi yanawahusu, kwa kuwa kwa Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafii, mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mafunzo hayahitaji mkono. Chakula hutupwa chini mbele ya mbwa, na kwa mbwa wengi hilo hufanya kazi vizuri tu. Sura ya Al-Maida, aya ya 4, inahalalisha mawindo ya wanyama waliofunzwa, na mafakihi wa Kishafii wakaeleza mbwa aliyefunzwa ni yupi: akitumwa aende, akizuiwa asimame, asile alichokikamata, na hayo yajirudie hadi yawe mazoea. Vipimo vyote hivyo ni vya matendo. Hakuna hata kimoja kinachouliza kama mbwa anamwogopa mwenyewe. Na kila aliyepita madrasa anaijua hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani, akachota maji kwa kiatu chake na kumnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, akasamehewa dhambi zake.

Imebaki hofu ya rushwa: kwamba bila nyama mbwa hatatii. Rushwa huonyeshwa kabla ya tendo, zawadi huja baada yake. Ukimpungia nyama ndipo aje, umemfundisha kusubiri nyama ionekane. Mwite kwanza, aje, kisha nyama itoke mfukoni. Tendo likishakuwa imara unalipa mara moja moja, na malipo yanaweza kuwa kufunguliwa akimbie ufuoni. Wala si lazima ununue kitu cha ziada; sehemu ya mlo wake wa jioni inatosha kuwa mshahara.

Zawadi pia haimaanishi kutokuwa na mipaka. Anayerukia wageni anageuziwa mgongo, analipwa miguu yote minne ikiwa chini. Anayevuta kamba anakuta safari imesimama hadi kamba ilegee. Lango linafungwa, takataka zinafunikwa. Mbwa aliyebadilika ghafla kuwa mkali apelekwe kwanza kwa daktari wa mifugo, kwa sababu sikio lenye kidonda au nyonga inayouma huleta ukali ambao mafunzo hayawezi kuuponya. Na anayeshinda mnyororoni mchana kutwa anahitaji kutembezwa kabla ya kuhitaji mkufunzi.

Ukiamua kumlipa mkufunzi, muulize mbwa akipatia atapata nini, na akikosea atafanyiwa nini. Anayejua kazi atajibu yote mawili kwa maneno ya kawaida, bila kutaja ubabe wala kundi. Kisha omba ukae uangalie somo zima, utazame mwili wa mbwa: mkia, masikio, kama anamkimbilia mtu huyo au anamkwepa. Akikwambia mbwa lazima abaki naye wiki kadhaa bila wewe kuona anachofanyiwa, fungua mlango wa gari, mwingize mbwa wako, mwende nyumbani.